Rimoti ya Mgongo Wangu Iko Mfukoni mwa Mume Wangu

Mpendwa mshauri,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama mimi ndiye niliyekuzidi basi marahaba, sura yako siijui ila nakusoma kila wiki na mara mbili nimekununia kwa majibu uliyowapa wenzangu. Leo zamu imenifikia mimi, naomba msaada, na tafadhali usome mpaka mwisho maana ukiishia katikati utadhani nalalamika, kumbe nina furaha kuliko nilivyokuwa kwa miaka mingi, na hiyo furaha yenyewe ndiyo imetuletea ugomvi ndani ya nyumba.

Mimi ni msusi. Umri wangu umepita hamsini, watoto wana miji yao, tumebaki wawili na mume wangu ambaye ni fundi wa mafriji, mtu mpole, wa maneno machache, anayejulikana mtaani kwa kutembea na bisibisi kwenye mfuko wa shati hata akienda harusini. Saluni yangu ni chumba cha mbele cha nyumba yetu, ina viti viwili, sinki la kuoshea nywele, kioo kirefu chenye ufa pembeni na dirisha la kutazamia nani anapita na nani.

Ugonjwa ulinianza nikiwa kazini. Nimesimama nyuma ya mteja namsuka, nikasikia miguu inatetemeka kwa ndani, si tetemeko la kuonekana, ukiitazama imetulia kama miguu ya mtu yeyote, lakini ndani yake ni kama nimesimama juu ya ubao ambao chini yake kuna jenereta inanguruma, na moyo unaniambia shika kitu, unaanguka. Nikashika kiti cha mteja. Nikapiga hatua mbili tatu, ikatulia. Nikakaa, ikaacha kabisa, nikadhani ni uchovu. Nikasimama tena nimalizie kichwa cha watu, haikuchukua muda ikarudi.

Ikawa ndiyo maisha. Kutembea naweza, hata kupanda ngazi naweza, kukaa hakuna shida, ila kusimama tu, kule kusimama kwa kawaida ambako binadamu hafundishwi, kukanishinda. Nikawa nasuka huku nazunguka kiti, mteja mmoja wa siku nyingi akaniuliza, "Wee mama, mbona unanizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia?" tukacheka, lakini mimi cheko langu lilikuwa la mdomoni. Kwenye foleni nilikuwa namwomba mtu wa nyuma anishikie nafasi, naenda kuzungukazunguka kama mtu aliyepoteza kitu. Kwenye harusi ya mtoto wa ndugu yetu tuliitwa kupiga picha, mpiga picha akachelewa kutupanga, nikaona giza la hofu, nikajiketisha chini na gauni langu la sherehe mbele ya wakwe, na wifi yangu mkubwa akasema kwa sauti, "Huyu siku hizi anakunywa, hamwoni anavyoyumba?" Mshauri, mimi hata soda ya tangawizi inanipanda kichwani, lakini neno likishatoka mdomoni mwa wifi utalirudishaje?

Kisha siku moja nilikuwa nimebeba beseni la maji ya moto nalipeleka kwenye sinki, mteja akaniuliza jambo, nikasimama nimjibu. Kosa langu lilikuwa hilo tu, kusimama. Miguu ikaniachia, nikaenda chini na beseni langu, namshukuru Mungu mteja hakuguswa hata na tone, maji yote yaliishia kwenye mguu wangu. Mume wangu alikuwa uani anafungua friji la mtu, akaja mbio, akanikuta sakafuni nalia na ngozi imeanza kubambuka. Aliniinua. Tangu siku hiyo mume wangu akawa kivuli changu. Alinunua kistuli cha kukunja, akawa anakibeba kila tuendako, na nikisimama tu kidogo nakisikia kinagusa nyuma ya magoti, "Kaa, mama watoto." Foleni zote akawa anasimama yeye. Kupika akajifunza, wali wake wa kwanza tuliula kwa kijiko maana ulikuwa uji, sasa anapika kunishinda. Saluni nikamwachia mdogo wangu wa kike, mimi nikabaki kwenye kiti cha pembeni napokea wateja na kukunja mataulo.

Hospitali tulizozunguka sitazitaja. Daktari mmoja aliniambia presha, mwingine umri, mwingine akasema, "Mama una wasiwasi, pumzika," nami nikarudi nyumbani nikapumzika mpaka nikachoka kupumzika. Mwishowe tukaelekezwa kwa daktari wa mishipa ya fahamu, mzee mwenye mvi na sauti ndogo. Huyu hakuniuliza maswali mengi. Akasema, "Simama hapa katikati ya chumba, usishike kitu." Nikasimama. Akapiga magoti, daktari mzima, akaweka kile kipimo cha kusikilizia moyo kwenye paja langu, akatulia kama anasikiliza redio ya mbali. Kisha akamwita mume wangu.

"Mzee, njoo usikie. Wengine husema ni kama helikopta."

Mume wangu akavaa vile vipokea sauti, akasikiliza, uso ukabadilika.

"Hii ni kompresa," akasema.

"Kompresa gani?" nikamuuliza.

"Ya friji. Inavyolia kabla ya kufa." Halafu akasikia alichokisema, akanishika mkono haraka haraka, "Samahani, mama watoto, sikuwa na maana ya kufa!"

Daktari akacheka, nami nikacheka, na katikati ya kicheko nikaanza kulia, si kwa huzuni, ni kwa sababu kwa mara ya kwanza kuna mtu mwingine aliyeisikia. Sikuwa mlevi, sikuwa mwendawazimu, ilikuwepo na ilikuwa na sauti. Wakanibandika nyaya miguuni kupima misuli, daktari akathibitisha, akanieleza kwamba misuli ya miguu inatetemeka kwa kasi kubwa mno pale mtu anaposimama, kasi ambayo jicho haliioni, kwamba ni ugonjwa wa nadra na madaktari wengi wanamaliza kazi bila kukutana nao, na kiini chake bado hakijulikani vizuri.

Nikapewa vidonge. Vilisaidia kidogo, ila vilinilaza, nikawa nasinzia na taulo mkononi mpaka mdogo wangu akawa ananifunika khanga mbele ya wateja. Tukabadilisha vidonge, hadithi ikawa ile ile. Ndipo daktari akatuambia kuna njia nyingine, ya kuweka nyaya nyembamba mgongoni, karibu na uti wa mgongo, zikaunganishwa na kimashine kidogo chenye betri kinachopeleka umeme hafifu. Hakutupambia maneno. Alisema imefanywa kwa watu wachache tu wenye ugonjwa huu, wapo iliowasaidia, wapo ambao nafuu yao ilipungua baadaye, haiponyi, na kwanza tungejaribu kwa muda na kimashine cha nje, kikikataa tunachomoa na kurudi nyumbani. Gharama tulisaidiwa, hilo si la leo.

Wifi akasema, "Watakutia umeme kama pasi." Mimi niliogopa mpaka nikakosa hamu ya chakula. Mume wangu ndiye aliyeamua nisiogope, alimuuliza yule daktari maswali mpaka daktari akavua miwani, betri ni ya namna gani, waya ukikatika je, mvua ikininyeshea je, na alipojibiwa yote akanigeukia akasema, "Umeme ni mdogo huu. Haupozi hata maji." Mshauri, hilo kwake ni tamko la mapenzi.

Basi wakaniwekea zile nyaya za majaribio, kiboksi kikafungwa kiunoni, nikaanza kusikia mwasho mgongoni na miguuni kama sisimizi wanahama nyumba. Kesho yake tukatumwa kwenye dirisha la dawa kuchukua za maumivu. Foleni ndefu. Mume wangu kwa mazoea akaenda kunitafutia kiti, mimi nikasimama pale nimngoje. Nikangoja jenereta iwake. Nikangoja. Watu mbele yangu wakasogea, mimi nimesahau kusogea, na mwanamke wa nyuma akanigusa bega.

"Mama, songa, foleni inatembea."

"Niache kidogo nisimame," nikamwambia, machozi yananitiririka.

"Kusimama foleni ndiyo starehe?"

"Ndiyo," nikasema, "ndiyo, mwanangu."

Mume wangu akarudi na kiti cha plastiki, akanikuta wa tatu kutoka dirishani, nimesimama na mikono yangu yote miwili iko huru. Akaweka kiti chini. Akakikalia yeye.

Baadaye wakanifanyia upasuaji wenyewe, kimashine kikawekwa chini ya ngozi, juu kidogo ya kalio la kulia, kidonda kikapona vizuri. Si kwamba nimepona kabisa, nikisimama muda mrefu bado naisikia inakuja, lakini inakuja kwa mbali, inanipa nafasi ya kuosha vyombo, kumsalimia mtu njiani mpaka salamu ziishe. Kwa hayo peke yake nashukuru asubuhi na jioni.

Sasa shida yangu. Hicho kimashine kina rimoti ya kupandisha na kushusha nguvu. Siku nesi alipotufundisha, mimi nilikuwa bado nina usingizi wa dawa, akamfundisha mume wangu, mume wangu akaitia mfukoni, pale penye bisibisi, na hajanipa mpaka leo. Nikimwomba ananiambia, "Utabonyeza ovyo, haya mambo ya umeme niachie." Kwa kuwa yeye ni fundi anaona umeme wote duniani ni ndugu zake. Asubuhi ananipandishia kidogo, akiona nimechangamka sana ananishushia, "usije ukajichosha." Na kile kistuli bado anacho. Naoga, yuko mlangoni. Naenda dukani, yuko nyuma.

Juzi mteja wangu wa zamani alikuja akasema anataka mkono wangu, si wa mdogo wangu. Nikasimama nyuma ya kiti, nikashika kitana, mshauri, nilijiona bibi harusi. Nimefika nusu ya kichwa, nikasikia kistuli kinanigusa magoti. "Kaa, mama watoto, inatosha." Mbele ya wateja. Nikamgeukia nikapiga kelele, "Niache! Mimi si friji lako!" Saluni yote ikanigeukia, mdogo wangu akazima drier ya kukaushia nywele. Mume wangu akakunja kistuli chake, akatoka. Tangu siku hiyo anaongea nami kama mwenye nyumba na mpangaji. "Chakula tayari." "Mlango nimefunga." Basi. Na rimoti bado iko kwake.

Na kuna jambo sijamwambia mtu. Wiki iliyopita alikwenda kutengeneza friji mtaa wa mbali, mimi nikajilaza chali kitandani, ule umeme ukapanda ghafla, miguu ikakaza, wale sisimizi wakawa siafu. Rimoti haipo. Nilijigeuza ubavu ukapungua, nikabaki hivyo hivyo sithubutu kujitikisa mpaka nilipomsikia anafungua geti. Sikumwambia. Nilijua nikimwambia hataenda kazini tena.

Mdogo wangu ananiambia nimvizie amelala niichukue. Wifi, ambaye sasa anajifanya ndiye aliyetupeleka kwa daktari, anasema mwanamume aliyekuvumilia hivyo mwachie hata pumzi. Mimi sitaki kumwibia na sitaki kumvunja moyo. Mtu aliyesimama foleni zangu zote, namwambiaje sasa akae pembeni? Nifanyeje, mshauri?

Ni mimi,
Msusi Niliyesimama

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, Msusi. Nimekuzidi, na hizo mara mbili ulizoninunia nimekusamehe.

Barua yako nimeisoma nikiwa jikoni na chai yangu ikapoa. Pale kwenye dirisha la dawa nilisimama mwenyewe, nikasoma nimesimama. Hongera, mama. Wapo wanaoletewa nafuu ya namna hiyo wakaipokea kama haki yao, wewe umeipokea kama zawadi, na mtu wa hivyo anasikika hata kwenye karatasi. Sasa nikishakupongeza, nikugombeze.

Umelala kitandani na umeme unakukaza miguu, rimoti iko mtaa mwingine kwenye mfuko wa shati, na mume aliporudi ukamwambia nini? Karibu. Wewe una akili gani? Unamficha asije akaogopa, halafu unashangaa kwamba haachi kuogopa. Mwenzako kaachwa gizani anapapasa, akikushika unalia kwamba anakubana. Kabla ya kuandika jibu hili nilimpigia daktari mmoja wa mishipa ya fahamu, si wako, nikamsomea kile kipande bila kusema ni cha nani. Akaniambia hayo hutokea, mtu akilala chali au akibadili mkao, uti wa mgongo husogea karibu zaidi na zile nyaya na umeme ukasikika mkali kuliko kawaida, na ndiyo sababu mgonjwa hupewa rimoti, aushushe mwenyewe au auzime pale pale. Mgonjwa, alisema. Hakusema mume wa mgonjwa. Aliniambia pia kwamba unapaswa kurudi kliniki wakutazame na wapange upya nguvu za kimashine, kwa hiyo hilo la siafu usilifanye siri tena, si kwa mumeo, si kwa daktari wako.

Kwa hiyo suala la nani akae na rimoti limekwisha. Ni wewe. Si kwa sababu umeshinda ugomvi, ni kwa sababu mgongo ni wako na unalala nao. Na huyo fundi wetu, nampenda kutoka huku niliko, lakini mwambie mshauri kasema hivi: mzee, friji halijui kama limepoa, ndiyo maana linahitaji fundi wa kulipima. Mkeo anajua. Ukimshushia umeme kwa sababu amechangamka, humlindi, unamzima.

Lakini wewe nawe kaa nikuambie, tena ukikaa safari hii usinune. Umeandika ukurasa mzima wa wema wa mumeo, wali uliokuwa uji, maswali kwa daktari, kiti cha plastiki. Mwisho ukaniuliza utamwambiaje akae pembeni. Mimi nakuuliza, yeye umewahi kumuuliza chochote? Siku ulipoanguka na lile beseni, wewe ulisikia maumivu, yeye aliona. Aliona ngozi ya mkewe inabambuka na hakujua kama utasimama tena. Wewe umefanyiwa upasuaji, umeshonwa, umepimwa, umeambiwa pole na kila nesi. Yeye nani alimpa pole? Mguu wako umepona, yeye bado yuko pale sakafuni anakuinua. Kile kistuli anachokubebea si kwa ajili ya miguu yako peke yake. Anakishika yeye asianguke.

Usinielewe vibaya, sisemi umwachie akufuate mpaka bafuni. Mtu mzima anahitaji kuoga na mawazo yake. Nasema usimnyang'anye kazi aliyoizoea kwa miaka bila kumpa nyingine. Mdogo wako na ushauri wake wa kuvizia watu usingizini mwambie asuke nywele, mambo ya ndoa ayasikie redioni. Na huyo wifi, ambaye jana ulikuwa mlevi wake na leo umekuwa mgonjwa wake, mpe chai, mpe kiti, neno lake usilipe kitu. Kuvumiliwa na mume si deni la kulipwa kwa pumzi. Ukilipa kwa pumzi utabaki na nini cha kumpenda?

Haya, sasa fanya hivi.

Leo, akirudi kazini, usimngoje na hotuba. Mpe maji ya kunywa, kaa naye, mweleze habari ya wiki iliyopita yote kama ulivyonieleza mimi, siafu na geti na yote. Ataruka. Atasema anaacha kazi. Mwache aruke, akishatua mwambie, "Ndiyo maana naihitaji mimi." Mtu wa umeme akisikia hatari ya umeme anaelewa haraka kuliko akisikia "unanibana". Usimlaumu kwa kuwa hakuwepo. Hakujua, kwa sababu hukumwambia.

Kesho mpigie simu nesi wa kliniki, muombe siku mwende wote wawili. Mwambie akufundishe wewe upya, macho yako yakiwa wazi, na mumeo akae kando asikilize. Muulize waziwazi ushushe vipi kabla ya kulala, uzime vipi ukizidiwa, na ni mambo gani bado usiyafanye, maana najua wasusi, nafuu ikija kidogo mnataka kuinua ndoo na kuinamia sinki siku nzima. Huo mgongo una nyaya, usiupinde kama mwavuli. Kidonda kikiwa chekundu, kikivimba au kikitoa maji, hiyo si ya kuuliza gazetini, ni ya kukimbilia hospitali siku hiyo hiyo. Na popote watakapotaka kukuingiza kwenye mashine ya kupiga picha za mwili, sema kwanza nina kifaa mgongoni.

Mumeo mpe kazi ya kweli. Kama betri yako ni ya kuchajiwa, yeye awe bwana chaji, hapo hata ukitaka kumzuia hutaweza. Mkubaliane neno moja, neno la kwenu wawili tu, ukilisema ajue miguu inakuja kukuangusha na aje. Usipolisema asije, hata akikuona unayumba. Atashindwa siku za kwanza, mvumilie, nawe ulivumiliwa. Na ukilihitaji hilo neno ulisema, usijifanye simba kwa kuwa uliwahi kupiga kelele kwamba unaweza. Daktari alikuambia haiponyi. Kuna siku utahitaji kukaa, na kukaa siku hiyo hakutazifuta siku ulizosimama.

Saluni rudi, lakini kwa kipimo. Anza na kichwa kimoja asubuhi, kile cha mteja wako wa zamani anayetaka mkono wako. Miguu ikikubali wiki hiyo, ongeza. Vichwa vingine mwachie mdogo wako, amevishika wakati wewe huna nguvu na hana kosa.

La mwisho, na hili sikuombi, nakuagiza. Lile neno la friji lilimuuma, mama. Si kwa sababu ni kali, mafundi husikia makali kila siku. Lilimuuma kwa kuwa ulimwambia mbele za watu kwamba miaka yote ile aliyokushika alikuwa anashika kitu, si mtu. Msamaha wa chumbani hautoshi kufuta neno la saluni. Mwite siku viti vyote viwili vina wateja na benchi la kungojea limejaa, mdogo wako yupo, drier imezimwa ili kila mtu asikie. Mwombe radhi mumeo na umshukuru kwa sauti. Usikae.